Maisha ya Mama Caroline Norton, Aliyenyang'anywa Watoto na Jasho Lake

Katika kitabu hiki mtasoma jinsi tulivyoanza, mtaona hesabu za mweka hazina na majina ya waanzilishi. Sisi tuliopewa kiti tumeombwa tuandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani ambaye tunaweza kujifunza kwake. Wengi walidhani tutaandika habari za Mekatilili wa Menza, na kweli anastahili. Lakini tumemchagua mama mmoja Mzungu, Mwingereza, aliyekufa mwaka 1877. Jina lake ni Caroline Norton. Msishangae. Someni mpaka mwisho na mtaona anavyotuhusu.

Sababu ni hii. Alikuja kwetu mama mmoja wakili kutufundisha habari za mali ya ndoa. Akatuambia kwamba hapa Kenya, mpaka mwaka 2013, mke na mume wakigombania mali kortini, majaji walikuwa wakifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Tukanyamaza kimya. Mmoja wetu akauliza hiyo sheria ilitungwa kwa sababu gani, na kilio cha nani. Wakili akatusimulia kidogo habari za mama huyu. Baadaye binti wa mwenzetu aliyesoma chuo kikuu akatafuta vitabu, akatusomea kwa Kiswahili Jumapili baada ya Jumapili, tukishafunga kisanduku. Haya tunayoandika ndiyo tuliyoyashika.

KUZALIWA KWAKE

Caroline alizaliwa London tarehe 22 Machi 1808. Babu yake, Richard Brinsley Sheridan, alikuwa mtunzi mkubwa wa michezo ya kuigiza na tena mbunge. Kwa hiyo jina lilikuwepo, lakini pesa wapi! Baba yake alipelekwa kazi ya serikali huko Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, akafia huko mwaka 1817. Caroline alikuwa na miaka tisa. Mama mjane akabaki na watoto wengi. Kwa bahati walipewa vyumba vya kukaa katika jumba la mfalme la Hampton Court, na mama mwenyewe akawa anaandika vitabu vya hadithi. Kwa hiyo Caroline alikua akimwona mama yake akishika kalamu.

Mabinti walikuwa wazuri wa sura na wenye akili, lakini hawakuwa na mali. Kwao huko mali ya arusi ilitoka upande wa msichana, si kama kwetu. Msichana asiye na kitu alikuwa na shida ya kupata mume. Basi alipotokea mwanamume wa ukoo wa kilodi akamtaka, mambo yakamalizwa haraka.

NDOA YAKE

Mwaka 1827, akiwa na miaka 19, aliolewa na George Norton, wakili na mbunge. Hawakuwa wamejuana vizuri. Haukupita muda, kipigo kikaanza. Mume alikuwa mtu wa hasira, na mke naye alikuwa na ulimi mwepesi, hakukubali kunyamaza. Mwaka 1830 mume akapoteza kiti chake cha ubunge na nyumba ikapungukiwa.

Hapo ndipo Caroline alipoifanya kalamu kuwa jembe lake. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilikuwa kimeshatoka mwaka 1829, na pesa zake zilisaidia gharama za kumzaa mtoto wao wa kwanza. Akaandika vingine, akawa mhariri wa magazeti ya wanawake, nyumba ikala. Walipata watoto watatu wa kiume: Fletcher, Brinsley na William.

Mume alitaka kazi ya serikali. Akamsukuma mkewe aende kwa wakubwa aliowajua kwa sababu ya jina la babu yake. Caroline akamwandikia Lord Melbourne, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na mwaka 1831 George Norton akafanywa hakimu wa London kwa mshahara wa pauni 1,000 kwa mwaka. Angalieni vizuri hapo. Mtu aliyempiga mkewe nyumbani ndiye aliyekaa kwenye kiti cha hakimu, na kiti chenyewe alikipata kwa kuombewa na mke huyo huyo.

SHERIA ILIVYOKUWA

Kabla hatujaendelea ni lazima tueleze sheria ya Uingereza wakati huo, maana bila hivyo hamtaelewa. Msichana akiolewa, sheria ilihesabu yeye na mume wake kuwa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja ni mume. Mshahara wa mke ni wa mume. Pesa alizopewa na wazazi, vitabu alivyotunga, hata nguo alizovaa, vyote vya mume. Hawezi kufanya mkataba kwa jina lake. Hawezi kushtaki wala kushtakiwa peke yake. Watoto ni wa baba kabisa, hata yule anayenyonya. Baba akitaka kuwapeleka kwa mtu mwingine na mama asiwaone tena, hakuna korti itakayomzuia.

Talaka nayo ilihitaji sheria maalum ya Bunge kwa kila ndoa, tena kwa pesa nyingi. Kabla ya mwaka 1857, wanawake walioipata kwa njia hiyo katika historia yote ya Uingereza ni wanne tu.

Tulipolisikia hili, wenzetu Waislamu walicheka kidogo. Wakatukumbusha kuwa katika dini yao mali ya mke ni yake tangu zamani, na mume hana ruhusa ya kuila bila ridhaa yake. Ni kweli. Kwa hiyo tusidhani ati Wazungu walizaliwa na haki mkononi. Walizipata moja moja, kwa machozi.

KESI YA MWAKA 1836

Mwaka 1836, wakati wa Pasaka, walikosana vibaya. Siku moja Caroline alikwenda kwa dada yake, na nyuma watoto wakachukuliwa. Fletcher hajatimiza miaka saba, Brinsley minne, William miwili. Aliporudi alikuta nyumba haina watoto. Akazunguka kuwatafuta, akafukuzwa mlangoni.

Kisha mume akamshtaki Lord Melbourne, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, ati amezini na mkewe, na akadai fidia ya pauni 10,000. Kesi ilisikizwa tarehe 22 Juni 1836. Mji mzima ulikuwa ukizungumza habari hiyo, na magazeti yakajaa. Wafanyakazi wa zamani wa nyumba waliletwa kusema mambo ya aibu juu ya Caroline. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kusema lolote, wala kuwa na wakili wake. Kesi ilikuwa kati ya wanaume wawili, na yeye alikuwa kama ng'ombe anayegombaniwa.

Wazee wa baraza walimwona Melbourne hana hatia hata bila kuondoka vitini mwao kwenda kushauriana. Melbourne akabaki Waziri Mkuu. Lakini Caroline alipata nini? Jina lilishachafuka. Tena, kwa kuwa uzinzi haukuthibitishwa, ndoa ilibaki palepale. Hakuwa na mume wa kumtunza, hakuwa na ruhusa ya kuolewa tena, na watoto wake hakuwaona.

ALIVYOPIGANIA WATOTO

Wanawake wengi wa wakati ule wangejifungia ndani. Caroline alikaa mezani akaandika. Alitoa vijitabu kueleza sheria ya watoto ilivyo na jinsi inavyomwumiza mama asiye na kosa. Kimoja alikitoa kwa jina la uongo la mwanamume, Pearce Stevenson, kwa sababu alijua maneno hayo hayo yakitoka kwa mwanamke, tena aliyetajwa kortini, watayatupa. Vijitabu hivyo vilipelekwa kwa wabunge.

Mbunge mmoja, Thomas Talfourd, ambaye pia alikuwa wakili, akapeleka mswada Bungeni. Mwaka 1837 ukaondolewa. Mwaka 1838 baraza la wabunge waliochaguliwa likaupitisha, lakini baraza la malodi likaukataa. Mwaka 1839 ukaletwa tena, na safari hii ukapita. Sheria hiyo ilimpa mama ruhusa ya kwenda kwa jaji na kuomba akae na watoto wake walio chini ya miaka saba, na kuwatembelea wale wakubwa zaidi, mradi hakupatikana na kosa la uzinzi. Ilikuwa mara ya kwanza sheria ya Uingereza kutambua kwamba mama wa ndoa ana haki yoyote juu ya watoto wake.

Sasa sikieni uchungu wake. Mume wa Caroline alikuwa amewapeleka watoto Scotland, na sheria hiyo haikufika Scotland. Akina mama wengine wakafungua kesi na kupata watoto wao, lakini aliyeileta sheria akabaki mikono mitupu.

Mwaka 1842 William, kitinda mimba, alianguka kutoka kwa farasi wake. Jeraha halikuangaliwa vizuri, likaingia sumu. Mama aliitwa, akasafiri kwa haraka, lakini alipofika mtoto alikuwa ameshakufa. Hapo tulipokuwa tukisomewa, wengi wetu tulijifuta macho, maana wako kati yetu waliopata habari ya mtoto wao kwa kuchelewa. Baada ya msiba huo mume akalegea, akamwachia Caroline awe anakaa na vijana wawili waliobaki kwa muda fulani.

ALIVYOPIGANIA PESA ZAKE

Mwaka 1848 walifanya mkataba wa karatasi. Mume aliahidi kumpa kiasi cha pesa kila mwaka ili ajitunze, naye akatia sahihi. Mwaka 1851 mama yake Caroline akafa na kumwachia urithi mdogo. Kumbe mume alikuwa anahesabu! Alipojua mke amepata cha mama yake, akaacha kutoa zile alizoahidi. Caroline akawaambia wenye madeni waende wakamdai mumewe.

Mwaka 1853 fundi wa magari ya farasi akampeleka mume kortini, na Caroline akaitwa kuwa shahidi. Mume akasema mkataba wao hauna nguvu, kwa kuwa mke na mume ni mtu mmoja, na mtu hawezi kufanya mkataba na nafsi yake. Na kwa sheria ya wakati ule alikuwa anasema kweli. Zaidi ya hayo, alikuwa ameamuru kitabu cha benki cha mkewe kikaguliwe, na wachapishaji waitwe waseme wamemlipa kiasi gani. Mashairi aliyokesha akiyaandika usiku, jasho la kalamu yake, kwa sheria lilikuwa la mume aliyemtesa. Fundi akashindwa, na Caroline akatoka pale na aibu mpya.

Akarudi mezani. Mwaka 1854 alitoa kitabu kuhusu sheria za Uingereza kwa wanawake, akitumia maisha yake mwenyewe kama ushahidi. Mwaka 1855 akamwandikia barua ndefu Malkia Victoria, ikachapishwa watu wote waisome. Alimwuliza inakuwaje nchi itawaliwe na mwanamke, na mwanamke mwingine yeyote aliyeolewa asihesabiwe kuwa mtu.

Wakati huo walikuwepo wanawake wengine, kama Barbara Leigh Smith, wanaokusanya sahihi kwa maelfu ili mali ya mke iwe ya mke. Mwaka 1857 Bunge likapitisha sheria mpya ya ndoa. Talaka ikawa inapatikana kortini. Mke aliyeachwa na mumewe akaweza kulinda mapato yake mume asije akayachukua. Mke aliyetengana na mumewe kwa amri ya korti akaweza kuwa na mali, kufanya mkataba na kushtaki kwa jina lake. Vipengele hivyo vinafanana sana na mambo yaliyompata Caroline.

Lakini hata hapo usawa ulikuwa mbali. Mume alitosheka kuthibitisha mke amezini. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi na kosa lingine juu yake, kama ukatili au kutelekezwa. Ndipo mwaka 1870 sheria ikasema mshahara wa mke ni wake. Na mwaka 1882 ikaja sheria kubwa iliyosema mke ana haki ya kuwa na mali yake yote kana kwamba hajaolewa. Kura ilichelewa zaidi: mwaka 1918 kwa baadhi ya wanawake, na mwaka 1928 sawa na wanaume.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Tusimfanye malaika. Caroline alikuwa mwepesi wa hasira na mwenye kupenda vitu vizuri mpaka akaingia madeni. Tena aliandika wazi kwamba haamini mwanamke ni sawa na mwanamume. Alichotaka ni mwanamke alindwe na sheria asionewe. Hatukubaliani naye hapo. Lakini tunaona kwamba mtu anaweza kufungua mlango bila yeye mwenyewe kujua wengine watapita mpaka wapi.

Fletcher alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1859. George Norton alikufa mwaka 1875, na hapo tu ndipo Caroline alipokuwa huru. Tarehe 1 Machi 1877 aliolewa na rafiki yake wa miaka mingi, Sir William Stirling-Maxwell. Alikuwa karibu miaka 69. Tarehe 15 Juni mwaka huo huo akafariki. Raha ya ndoa aliionja miezi mitatu tu. Sheria ya 1882 hakuiona.

Ndani ya ukumbi wa malodi huko London kuna picha kubwa ukutani inayoonyesha Haki kwa mfano wa mwanamke. Mchoraji alitumia sura ya Caroline. Basi wale malodi waliomkatalia mwaka 1838, baadaye walikaa wakitunga sheria huku uso wake ukiwatazama kutoka ukutani.

ILIVYOFIKA KWETU

Waingereza walipotutawala walileta sheria zao, zile zilizokuwa zikitumika kwao tarehe 12 Agosti 1897. Ile ya 1882 ilikuwa ndani yake. Mwaka 1971 jaji mmoja hapa Kenya aliamua kwamba inatumika kwetu pia, na tangu hapo akina mama wakaenda nayo kortini kudai mali waliyochuma na waume zao. Wengine walifaulu. Lakini mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ikasema mke ni lazima aonyeshe pesa alizotoa. Kupika, kulea na kulima hakukuhesabiwa.

Katiba ya 2010 ikasema mume na mke wana haki sawa wakati wa ndoa na ndoa ikivunjika. Bunge letu likatunga sheria yetu wenyewe ya mali ya ndoa mwaka 2013. Hiyo inahesabu kazi ya nyumbani, kulea watoto, kulima shamba na kusimamia biashara kuwa ni mchango. Waislamu wana ruhusa ya kufuata sheria ya dini yao. Lakini Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilieleza kwamba usawa si kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja ataonyesha alichochangia.

Hapo ndipo penye maneno yetu, wenzetu. Kuonyesha! Mnakumbuka yule mwenzetu aliyechukua mkopo wa kikundi akanunua mabati na saruji, akajenga nyumba ya vyumba vitatu. Risiti zote ziliandikwa jina la mume, kwa sababu ndiye aliyekwenda dukani. Ndoa ilipovunjika alitoka na nguo zake. Kitu pekee kilichoonyesha jasho lake ni kile kitabu chake kidogo cha kikundi, chenye tarehe ya mkopo na mihuri ya malipo. Kwa kitabu hicho wazee walikubali kumsikiliza, na akarudishiwa sehemu. Si yote, lakini sehemu.

Caroline Norton angetoa nini kupata kitabu kama hicho! Yeye kitabu chake cha benki kilifunguliwa na mume, na sheria ikakubali. Chako leo hakuna anayeruhusiwa kukichukua. Kwa hiyo usikiweke chini ya godoro kikaliwa na panya.

Kwa mwaka huu wa kumi kamati imekubaliana hivi. Kila anayechukua mkopo wa kununua au kujenga, risiti iandikwe jina lake, au majina yote mawili yeye na mumewe. Nakala moja italetwa iwekwe ndani ya kisanduku cha kufuli tatu. Waume zetu msikasirike. Wengi wenu mmetusaidia kubeba hicho kisanduku, na karatasi yenye majina mawili inawalinda nanyi pia, siku jamaa wakija kugombania mali. Na mabinti zetu tuwasimulie habari za mama huyu kabla hawajaolewa.

Yeye alipanda mti asiokalia kivuli chake. Kivuli kimefika mpaka huku kwetu, na sisi nasi tuongeze mche.